Homa ya Siku Arobaini

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliye Mponyaji wa kweli, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, mara hii hatukuja na mas'ala ya tohara wala ya mirathi. Tumekuja na kisa cha nyumbani kwetu. Kisa chenyewe kina aibu kwetu sisi wenyewe, na kwa muda mrefu tulisitasita kukiandika. Walakini tumeona kwamba mwenye kujikwaa kisha akanyamaza humwacha aliye nyuma yake ajikwae katika jiwe lile lile. Basi tumeshika kalamu, na twamwomba Mola wetu atutakasie nia.

Sisi ni mwalimu wa chuo hapa Tanga, na umri wetu umepindukia miaka hamsini. Elimu yetu ni ya juzuu na msahafu, na darasa saba za skuli. Utabibu hatuujui wala hatuudai. Haya tutakayoyasema juu ya maradhi tumeyapata kwa matabibu waliotufundisha kwa subira, na kwa kusoma pale walipotuelekeza.

Dada yetu, akaaye kijijini upande wa Pangani, alifiwa na mumewe akaachiwa mtoto mmoja tu wa kiume. Mtoto alipofikia miaka 15 alimleta kwetu asome dini na skuli ya mjini, akatuambia, "Kaka, sina kingine. Huyu ni amana yangu kwako." Amana, ndugu yangu msomaji, ni neno zito. Tuliipokea kwa moyo mkunjufu, na kijana akawa ndiye mkono wetu wa kulia chuoni: huwasomesha wadogo alifu na be, huteka maji ya udhu, na alasiri humsaidia jirani yetu mwenye ng'ombe watano kukata majani na kukamua. Kwa kazi hiyo jirani humpa chupa ya maziwa kila siku, naye huileta nyumbani.

Katika siku za mwanzo za Mfungo Mosi wa mwaka 1444, yaani mwishoni mwa Aprili 2023, kijana akapata homa. Ilikuwa msimu wa masika, na mbu wamejaa. Asubuhi huamka hana neno. Jua likikaribia kuchwa mwili huwaka, na usiku hutoka jasho hata shuka ikaloa. Alilalamika mgongo na viungo, akapoteza hamu ya chakula. Alikuwa na miaka 17, umri ambao kijana hula chungu akakimaliza; sasa akawa ahesabu matonge.

Sisi tukasema, "Malaria." Nani angesema jingine? Pwani nzima, mtu akitetemeka jioni huambiwa ana malaria. Tulikwenda duka la dawa, tukanunua vidonge vya siku tatu, tukampa. Hatukupima. Homa ikapungua siku mbili, nasi tukamshukuru Mungu; siku ya tano ikarudi.

Tukasema labda dawa ilikuwa dhaifu, tukanunua ya namna nyingine. Kadhalika ikapungua kidogo, ikarudi. Ndipo tukampeleka kwenye zahanati moja ndogo, wakamtoa damu, wakatuambia ni homa ya matumbo. Wakampa vidonge vya kuua vijidudu. Alivimeza siku nne, akapata nafuu kidogo, akaviacha, nasi hatukumhimiza avimalize. Vilivyobaki tukavihifadhi kabatini, kisha homa iliporudi tukampa vile vile vilivyobaki, siku mbili tena. Hayo tuliyafanya kwa mikono yetu wenyewe, wala hatumsingizii mtu.

Wiki tatu zikapita. Kijana akapungua mwili, akawa mgongo wake umeinama kama wa mzee. Majirani wakaja kumtazama, na kila mmoja akaja na dhana yake. Mmoja alisema ni kijicho, kwa kuwa kijana ana sauti nzuri ya kusoma. Mwingine alisema amepita penye mti usiku. Sisi tukamwandikia kombe kwa zafarani, tukamsomea Yasini, tukamfunga hirizi. Hatukuja hapa kubishana na ndugu zetu juu ya mambo haya. Dua ni silaha ya Muislamu, na maneno ya Mwenyezi Mungu ni shifaa. Lakini yatupasa tuseme ukweli juu ya nafsi zetu: kisomo kile tulikifanya kuwa kisingizio. Kila tulipomaliza kusoma tulijiambia tumefanya lililo juu yetu, na safari ya hospitali kubwa tukaisukuma mbele hadi wiki ijayo.

Na kwa nini tukaisukuma? Hapa ndipo penye aibu yenyewe. Usiku mmoja jamaa yetu mmoja alituvuta kando baada ya sala ya Isha, akanong'ona, "Maalim, homa isiyokwisha, na kukonda namna hii, hata wewe waweza kujua ni nini." Hakulitaja jina la ugonjwa, wala hakuwa na haja ya kulitaja. Tangu usiku ule tukaanza kumtazama kijana kwa jicho jingine. Tukajiuliza alikuwa akienda wapi alasiri, na nani rafiki zake. Hatukumwuliza neno. Tuliogopa kwamba akipimwa damu jambo litathibiti, na watu watasema, "Mtoto wa chuoni kwa Maalim." Tukaona ni heri kutojua. Basi siku kumi na mbili nyingine zikapita, kijana analala ukumbini na homa yake, nasi tunawasomesha watoto wa watu barazani, na moyoni tumekwisha kumhukumu.

Mtu wa kwanza kutuzindua ni ahli yetu. Alisema maneno machache tu: "Dada yako akija leo akauliza mwanangu anaumwa nini, utamjibu nini?" Tulitafuta jibu tusilione. Tulikuwa na dhana nne, na hatukuwa na jibu hata moja. Asubuhi yake, siku ya 35 ya homa, tukauza mbuzi, tukampakia kijana katika bajaji, tukaenda hospitali kubwa.

Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa wanetu wakubwa. Alituamkia, "Shikamoo Maalim," akatuketisha, kisha akaanza kuuliza. Tulidhani atashika sindano papo hapo. Kumbe alitumia karibu nusu saa kwa maswali matupu. Homa ilianza siku gani? Huja saa ngapi? Alisafiri wapi? Ana kikohozi? Nyumbani kuna mwingine aliyeumwa? Kuna mnyama afugwaye? Anakula nini, anakunywa nini? Amekwisha kumeza dawa gani, na kwa siku ngapi?

Swali hili la mwisho lilitutoa jasho. Hatukuwa na pakiti hata moja ya kumwonyesha, wala majina hatuyakumbuki. Tukasema, "Vidonge vya njano, na vingine vyeupe." Hakutukaripia. Alisema tu kwamba dawa za kuua vijidudu zikimezwa nusu nusu kabla ya kupima, huweza kuwaficha vijidudu bila kuwaua, na maabara ikitafuta haioni kitu. Ni mfano wa mtu aliyefagia nyayo za mwizi kabla ya askari kufika, na mwizi bado yumo ndani.

Kisha akatueleza atakachofanya, na kwa kuwa wengi wetu hutolewa damu bila kujua inakwenda kufanyiwa nini, twaona vema tuyapange hapa kama alivyotupangia.

Kwanza ni malaria. Tone la damu hupakwa juu ya kioo, likatiwa rangi, likatazamwa kwa darubini. Jambo hili si geni: tabibu Mfaransa aitwaye Alphonse Laveran aliviona viini vya malaria katika damu mwaka 1880, alipokuwa Constantine katika nchi ya Algeria. Siku hizi kiko pia kipimo cha haraka, cha tone la damu na maji yake, ambacho hujibu kwa muda wa nusu saa au chini yake. Lakini yafaa mtu ajue kwamba baadhi ya vipimo hivyo vya haraka huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, na kwa hiyo darubini haijapoteza kazi yake.

Pili ni hesabu ya damu: chembe nyekundu, chembe nyeupe na vigandisha damu. Kipimo hiki aghlabu hakitaji jina la ugonjwa, bali huelekeza njia. Tatu ni mkojo. Nne ni picha ya kifua na makohozi, kwa ajili ya kifua kikuu, ambacho vijidudu vyake vilitangazwa na Mjerumani Robert Koch mwaka 1882. Zamani makohozi yalitazamwa kwa darubini peke yake. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Ulimwenguni limeikubali mashine iwezayo kujibu kwa muda wa saa mbili hivi.

Tano ni kuotesha damu. Damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha vijidudu, ikawekwa katika joto kama la mwili, ikachungwa kwa siku tano au zaidi. Kikiwamo kijidudu, hukua na kuzaana hata kikaonekana na kutajwa jina lake, na ikajulikana dawa iwezayo kukiua. Kipimo hiki ndicho hasa kinachoharibiwa na vidonge vya kubahatisha.

Tukamwuliza juu ya kile kipimo cha homa ya matumbo tulichofanyiwa mwanzo. Akatueleza kwamba kinaitwa Widal, kwa jina la tabibu Mfaransa aliyekieneza mwaka 1896. Hakimtafuti kijidudu mwenyewe; hutafuta askari ambao mwili umewaandaa kupigana naye. Na askari hao huweza kubaki katika damu tangu maradhi ya zamani, au wakafanana na askari wa maradhi mengine. Basi kikifanywa mara moja tu, peke yake, hakitoshi kumhukumu mtu kwamba ana homa ya matumbo. Tukakumbuka jinsi tulivyotoka zahanati kwa furaha, tukidhani tumepata neno la mwisho.

Sita ni kipimo cha virusi vya Ukimwi. Daktari alipokitaja, sisi tukainamisha macho. Yeye akamgeukia kijana, akamweleza kwa upole kwamba kila mwenye homa ndefu hupendekezewa kipimo hiki, awe nani au awe mtoto wa nani, na kwamba jibu ni lake mwenyewe, atapewa faraghani. Kijana akasema, "Nipimeni."

Alipotoka chumbani kuchukua jibu, alikuja akaketi karibu nasi katika benchi. Akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, sina." Tukasema alhamdulillahi, na sauti yetu ikatufedhehi, kwa maana ilikuwa ni sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Akatutazama, akasema, "Nilijua ndilo unaloliogopa. Nilikuwa nangoja uniulize."

Wallahi, ndugu wasomaji, maneno yale yalituingia kuliko kemeo lolote. Sisi ndio tuwafundishao watoto kwamba Mwenyezi Mungu ametukataza dhana nyingi, na kwamba baadhi ya dhana ni dhambi. Sisi ndio tuwafundishao kwamba mtu akikuletea khabari, sharti uihakikishe kabla ya kumdhuru mwenzio kwa ujinga kisha ukajuta. Tulizihifadhi aya hizo tungali wadogo, na ilipokuja siku ya kuzifanyia kazi ndani ya ukumbi wetu wenyewe, tukazisahau. Na lau kipimo kingejibu kinyume, je, angekuwa si mtoto wetu? Dawa zipo siku hizi zinazomwezesha mwenye virusi hivyo kuishi umri wake, na anayecheleweshwa kupimwa kwa ajili ya heshima ya mjomba wake amedhulumiwa. Tulimwomba msamaha pale pale juu ya benchi. Akatushika mkono akaubusu, nasi tukaona haya zaidi.

Majibu yakawa yaja moja moja. Malaria hakuna. Mkojo safi. Kifua safi, na makohozi hayana kitu. Damu imepungua kidogo. Chupa ya kuotesha, siku ikapita, na ya pili, na ya tatu, haikuonyesha kitu. Sisi tukavunjika moyo, tukamwambia daktari kwamba vipimo vyote vimekuwa bure. Akatabasamu, akasema, "Maalim, kila ‘hakuna’ ni mlango mmoja uliofungwa. Milango ikipungua, tunakaribia." Neno hili hatujalisahau. Sisi tulikuwa tukiamini kwamba kipimo kisichoona kitu kimekula fedha bure. Kumbe kuliondoa lisilokuwapo ni nusu ya kulijua lililopo.

Na mlango uliobaki alikwisha kuutilia shaka tangu siku ya kwanza, kwa lile swali la anakula nini na anakunywa nini. Tulikuwa tumemjibu kwa fahari kwamba kijana hunywa maziwa freshi ya ng'ombe, tena mabichi, na kwamba tangu augue tumemwongezea glasi ya pili apate nguvu. Akauliza kama kuna ng'ombe aliyetupa mimba. Kijana akakumbuka: katika Ramadhani ng'ombe mmoja wa jirani alizaa ndama mfu kabla ya siku zake, naye alisaidia kumvuta kwa mikono mitupu, na kuzika yaliyotoka. Daktari akaandika neno katika karatasi, na damu nyingine ikatolewa ikapelekwa maabara iliyo kubwa zaidi.

Kipimo chenyewe tulielezwa hivi. Maji ya damu ya mgonjwa, tone moja, huchanganywa na tone la vijidudu waliokwisha kuuawa na kutiwa rangi ya waridi, juu ya kibao cheupe, kisha kibao huchezwachezwa kwa dakika chache. Damu ikiwa na askari wa ugonjwa ule, tone hugandamana likawa chenga chenga. Isipokuwa nao, hubaki laini. La kijana wetu liligandamana. Wakarudia kwa kipimo kingine cha kuthibitisha, kikakubaliana nacho. Jina la ugonjwa ni bruselosi.

Ugonjwa huu hutoka kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia, ukawaingia wanadamu kwa maziwa mabichi, au kwa kugusa damu na uchafu wa mnyama anayezaa au aliyetupa mimba. Homa yake huja na kwenda, na jasho la usiku, na maumivu ya mgongo na viungo, na huweza kukaa miezi. Zamani uliitwa homa ya Malta. Katika kisiwa hicho askari wa Kiingereza waliugua sana, na mwaka 1887 tabibu wao David Bruce akamwona kijidudu chake. Lakini haikujulikana umetoka wapi hata mwaka 1905, tabibu wa Malta mwenyewe, Themistocles Zammit, alipompima mbuzi akamkuta naye ana alama zake. Mwaka 1906 askari wakakatazwa maziwa mabichi ya mbuzi, na maradhi yakapungua miongoni mwao. Wale mbuzi hawakuonekana wagonjwa hata kidogo, kama ng'ombe wa jirani yetu walivyokuwa wanono.

Basi fahamu, msomaji, tulilokuwa tukilifanya. Kila jioni, kwa huruma kubwa, tulikuwa tukimnywesha kijana wa dada yetu glasi mbili za kile kile kilichomwuguza, kisha tukimsomea apone.

Siku ya arobaini akaanza dawa: dawa za namna mbili pamoja, kwa wiki sita kamili, pasina kuruka siku hata moja. Siku ya nane ya dawa jioni ilipita bila homa. Tulimgusa paji la uso mara tatu usiku ule, tusiamini. Iddi ya kuchinja ilimkuta amesimama safuni pamoja nasi, na dawa yake mfukoni, na mwisho wa Mfungo Tatu akamaliza. Dada yetu alikuwa amekwisha kuja. Tulimweleza yote, hata lile la kumdhania mwanawe, bila kuficha. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kaka, amana nimeiona. Lakini mara nyingine, niite siku ya kwanza." Hatukuwa na la kujibu.

Jirani tulimwendea sisi wenyewe, tukamweleza faraghani. Hakukasirika. Alimwita bwana mifugo, ng'ombe wakapimwa, na yule aliyetupa mimba akaonekana anao ugonjwa, akatengwa. Wa nyumbani kwetu nao wakachunguzwa, na kwa rehema za Mungu hakuna mwingine aliyepatikana nao. Siku hizi maziwa yote mtaani kwetu huchemshwa.

Tulipofanya hesabu zetu tuliona kwamba fedha zilizokwenda katika dhana, yaani vidonge, kombe, hirizi na nauli za huku na huku, zilizidi zile zilizokwenda katika vipimo. Na siku 35 za mateso ya kijana haziwezi kuhesabika kwa fedha.

Wala msidhani kosa hili ni letu peke yetu. Katika mji wa Moshi, baina ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa hospitali kwa homa. Waganga walikuwa wamedhani malaria kwa wagonjwa 528, yaani asilimia 60.7. Vipimo vilipokwisha, waliokuwa wagonjwa kwa malaria walikuwa 14 tu, yaani asilimia 1.6. Waliobaki walikuwa na maradhi mbalimbali, na bruselosi ikiwamo. Ni kweli kwamba Moshi ni nchi ya mlimani, na kwetu pwani malaria bado ipo na bado inaua. Kwa hiyo hatusemi mtu aipuuze. Twasema apime. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Ulimwenguni limeagiza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe kwanza, ndipo apewe dawa.

Na wenye elimu wamekiri kwamba ziko homa zinazowatatiza hata wao. Mwaka 1961 matabibu wawili wa Marekani, Petersdorf na Beeson, waliiwekea homa isiyojulikana asili yake mpaka wa wiki tatu, na wakaeleza kwamba sababu zake kubwa ni maambukizi, saratani, na maradhi ya mwili kujipiga wenyewe. Si haya, basi, daktari akisema, "Bado natafuta." La haya ni kusema, "Nimejua," na hali hujatafuta. Kupambanua ugonjwa na ugonjwa wala si jambo geni katika umma wetu: Abu Bakr ar-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika kitabu cha kutenganisha ndui na surua, wakati watu walipoyachanganya.

Kwa hayo tuliyoyapata, twawausia ndugu zetu wenye majumba mambo machache. Homa ikimshika mtu, apimwe kabla ya kumeza dawa. Kipimo kikisema "hakuna malaria" na homa ingalipo, msirudi nyumbani mkakaa. Rudini kwa daktari mwulize ni nini basi. Hifadhini pakiti za dawa zote na tarehe zake, mkamwonyeshe. Jibuni maswali yake kwa ukweli, hata la chakula na la mifugo, kwa maana ufunguo huenda umo katika jambo mnaloliona dogo. Dawa ikianzwa imalizwe, na ya mgonjwa mmoja asipewe mwingine. Maziwa yachemshwe. Na mwenye homa akiwa na degedege, au shingo ngumu, au kuweweseka, au kupumua kwa shida, asingojeshwe hata usiku mmoja. Na jibu la kipimo cha mtu ni siri yake. Mwenye kulinong'ona barazani amekula nyama ya nduguye.

Ama dua, msiiache. Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza tujitibu, na akatufahamisha kwamba hakuna maradhi ila yana dawa yake, na yule Bedui alielekezwa kwanza amfunge ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Nasi tumeamrishwa tuwaulize wenye kujua tusipojua. Yule binti daktari, katika jambo lile, alikuwa miongoni mwa wenye kujua, nasi tulikuwa wanafunzi. Alitutaka radhi mara mbili kwa kutuuliza maswali mengi. Laiti angejua kwamba maswali yake ndiyo yaliyotuponya sote wawili: kijana homa yake, na mjomba wake dhana zake.

Kijana sasa anasomesha juzuu ya thelathini chuoni kwetu, na sauti yake imerudi kama ilivyokuwa. Jioni tukimsikia, twakumbuka zile jioni thelathini na tano, nasi twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe, awaponye wagonjwa wetu, na awape elimu na subira wanaowatibu. Amin.